Mizizi Iliyotoboa Kiriba

Asubuhi moja ya Mei 2020 niliinama kwenye kitalu changu pale Ujiji, nikashika kiriba cha kwanza kwa mikono miwili, nikavuta. Hakikuja. Nikadhani kimegandana na tope la mvua za mwisho. Nikavuta tena kwa nguvu, safari hii kikaja, na mlio wake ulikuwa kama wa kanga kuukuu inayochanwa kutengeneza tambara. Nilipokigeuza nikaona mizizi minne, myeupe, minene kama njiti za kiberiti, imekatika na inatoa majimaji. Ilikuwa imetokea kwenye matundu ya chini, ikaingia ardhini na kuanza maisha yake huko bila kuniomba ruhusa.

Nilipaswa kuacha hapo hapo. Sikuacha. Viriba vikubwa nilikuwa nimeshanunua, kijana wa kujaza udongo nimeshamlipa, na siku nimeshaitangaza mtaani kama mtu anayeoza binti. Nikavuta cha pili, cha tatu, cha kumi. Kufika adhuhuri miche yangu 240 ya michikichi ilikuwa imehamia kwenye nyumba zake mpya, imepangwa mistari iliyonyooka, nami nimesimama nimeshika kiuno nikijipongeza. Wiki ya pili majani yakaanza kukauka kuanzia nchani. Mwisho wa Juni nilihesabu maiti 97.

Mjomba wangu, ndiye aliyenilea, alikuja kuutazama msiba. Wakati huo alikuwa ameshavuka miaka themanini, anatembea kwa mkongojo, lakini hakuna kilichompita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, mjomba."

Akachuchumaa kwa taabu, akashika shina la mche mmoja uliokauka, akauchomoa kama unyoya wa kuku aliyetiwa maji ya moto. Ukaja mtupu, bila hata punje ya udongo.

"Huu hukuuhamisha," akasema. "Umeung'oa."

Kisha akauliza imebaki mingapi. Nikamwambia 143. Baadaye nilikuja kusoma kwamba michikichi ikipandwa kwa mtindo wa pembetatu, mti na mti mita 9, hekta moja inabeba miche 143 barabara. Nilipompelekea habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Basi Mungu alikupimia. Wewe ndiye uliyezidisha."

Niseme kwa nini nilichelewa, maana kazi yenyewe nilikuwa naijua. Nilistaafu kwa hiari mwaka 2019, nikiwa na miaka 55, baada ya kula vumbi la chaki kwa miaka thelathini na moja. Mwaka uliotangulia Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa amekuja Kigoma kuhimiza ufufuaji wa zao la mchikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikawa ndicho kitovu cha mbegu bora. Ghafla kila mtu akawa bingwa wa michikichi, kuanzia muuza dagaa wa Kibirizi hadi kinyozi wa Mwanga. Nami nikajiuliza: mstaafu mwenye kiwanja kinachoshuka kuelekea ziwani, mwenye kisima, mwenye subira ya kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kushika penseli, anakosaje kitalu?

Mbegu ya mchikichi haina haraka. Ikiachwa chini ya mti mama inaweza kulala miezi mingi, hata mwaka na zaidi, imejifungia ndani ya gome lake. Wataalamu huiamsha kwa joto: huwekwa mahali penye nyuzi 39 au 40 kwa takriban miezi miwili, kisha hulowekwa, ndipo ichipue. Mkulima huipokea ikiwa imetoa kichipukizi cheupe kama jino la kwanza la mtoto, na kimzizi upande wa pili. Unaitia kwenye kiriba kidogo, kimzizi chini, kichipukizi juu, na ukikosea mche utaota na kibiongo. Jani la kwanza hutoka jembamba, halijapasuka, kama ncha ya mkuki. Linafuata la pili, la tatu. Ikifika miezi mitatu hivi, majani matatu au manne, mche unadai kiriba kikubwa, kile cha upana wa sentimita 40, ukae humo miezi minane hadi kumi kabla ya kwenda shamba.

Hayo yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nilitia mbegu Novemba 2019, kwa hiyo Februari nilipaswa kuhamisha. Februari hiyo kiinua mgongo changu kilikuwa bado kinasafiri kutoka faili hadi faili. Viriba vidogo nilivinunua kwa pesa ya mkononi, vikubwa nikavishindwa. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ingawa vifungashio vya kilimo havikuguswa na katazo hilo, muuzaji wangu aliviuza kama anayeuza gongo: kwa kunong'ona, na kwa bei ya hofu. Nikasubiri. Machi ikapita, Aprili ikapita. Juu ya ardhi miche ilinidanganya vizuri sana, majani ya kijani, yamesimama. Nilipita kila jioni na keni ya kumwagilia nikisema moyoni, hawa wametulia, hawana shida. Kumbe chini wanatafuta mlango.

Sasa, siku ile ya msiba mjomba hakunigombeza. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Wewe ulikuja kwangu na nini?"

Mimi si mzaliwa wa Ujiji. Nilizaliwa vilimani, huko nyuma ya Simbo. Mwaka 1972, nikiwa na miaka minane, ilifika Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wakiishi kila mmoja na kilima chake wakakusanywa kwenye vijiji vilivyopimwa kwa mistari. Sitaki kuhukumu ujamaa wote kwa kumbukumbu za mtoto mmoja. Wapo waliopata shule kwa mara ya kwanza, na mimi ni zao la shule hizo. Lakini namkumbuka babu. Michikichi yake mikubwa ilibaki kwenye mahame, na kila mkungu ulipoiva alitembea saa nzima kwenda kuuangua na saa nzima kurudi nao kichwani. Akachoka. Siku moja alirudi amebeba begani michikichi michanga mitatu, imefungwa kamba kama kuni, mizizi inaning'inia mgongoni kwake. Akaichimbia mashimo mbele ya nyumba mpya. Ilikuwa kiangazi. Mama alimchotea maji mtoni kila jioni kwa ajili ya miti hiyo, na haikushika hata mmoja. Vile vijiti vitatu vilivyokauka vilisimama mbele ya mlango wetu muda mrefu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuving'oa.

Mwaka uliofuata nikapelekwa Ujiji kwa mjomba, kaka yake mama, nikasome. Mama alinifungia maharage ya kwetu kwenye kitambaa, akanipa kibuyu cha mawese, na kubwa kuliko yote akamwambia dada yangu mkubwa anisindikize na akae nami mwezi mmoja. Nilikuwa nazungumza Kiha. Ujiji ulikuwa mji wa Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wanaojua kukicheka cha wenzao. Dada alilala nami mkeka mmoja, akawa ananinong'oneza usiku maneno niliyoyakosa mchana. Alipoondoka, aliondoka alfajiri bila kuniamsha. Nililia siku moja, nadhani. Siku ya pili nilikuwa nacheza rede.

"Nilikuja na dada," nikamjibu mjomba.

"Na maharage," akasema. "Kibuyu kilivunjika njiani, ukaja na harufu yake tu."

Miaka arobaini na saba baadaye, alikuwa bado anakumbuka kibuyu.

Ujiji, ukiuangalia vizuri, ni mji wa waliohama. Wamanyema walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zama za misafara, wakaja na mapishi yao, na mpaka leo sombe iliyoungwa kwa mawese ndiyo inayokuambia umefika nyumbani kwa nani. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858 waliyakuta mawese yakiuzwa na kununuliwa kando ya ziwa. Mji haujawahi kuwa na wenyewe peke yao. Kila aliyekuja alibeba kitu kilichomshika mizizi wakati akitafuta riziki.

Nirudi kitaluni. Ile 143 iliyobaki niliitunza kama watoto wa kambo wanaotazamwa na majirani. Niliithamini kwa sababu haikuwa miche ya kuokota. Zamani huku kwetu mtu akitaka mche alikwenda chini ya mchikichi wa jirani akachimbua uliojiotea, na mara nyingi alichopata ni dura: gome nene, nyama kidogo, mafuta haba. Tenera inayohimizwa sasa ni chotara wa dura na pisifera. Pisifera haina gome, ila kwa kawaida kuzaa kwake ni kwa taabu, mikungu huoza kabla ya kuiva. Waliofumbua fumbo hilo hawakuwa Ulaya. Ni Beirnaert na Vanderweyen, watafiti waliokuwa kwenye kituo cha Yangambi, kando ya mto Kongo, mwaka 1941. Walionyesha kwamba ukiotesha kokwa za tenera kwa tenera, robo ya watoto watarudi kuwa dura, robo watakuwa pisifera, na nusu tu ndio watafanana na wazazi. Kila mteja namwambia: ukinunua kwangu, usije ukaotesha kokwa za mti huo ukadhani umeniibia. Umejiibia. Na hutajua mapema, kwa sababu mche wa dura na wa tenera ukiwa kiribani hautofautishwi kwa macho. Utamwagilia, utapalilia, utangoja miaka mitatu au minne, mpaka siku utakapopasua tunda kwa panga.

Kwenye vijiwe vya kahawa utaambiwa kwamba Malaysia walichukua mbegu Kigoma wakatajirika, sisi tukabaki tunakamua kwa miguu. Ni hadithi tamu, kwa sababu inatufanya tuwe tumeibiwa badala ya kuwa tumelala. Kumbukumbu zinasema vingine. Michikichi ya mashamba makubwa ya kusini mashariki mwa Asia ilitokana na miche minne, yenye asili ya Afrika, iliyopandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Minne! Mimi niliua 97 kwa asubuhi moja. Huwa namfikiria mtunza bustani yule aliyekabidhiwa miche minne iliyosafiri baharini, na najua kwa yakini kwamba hakuivuta kwa nguvu.

Msimu wa pili nilifanya kosa la aliyeumwa na nyoka. Nikasema, kama tatizo ni kuhama, basi wasihame kabisa. Novemba 2020 nikachukua mbegu zilizochipua nikazitia moja kwa moja kwenye viriba vikubwa, tena nikavijaza udongo mweusi wa bonde la mto Luiche, ule unaopendwa na mpunga. Nilijiona nimempa kila mtoto chumba chake. Mbegu ilikaa katikati ya udongo ule kama mtoto aliyevalishwa koti la baba yake. Mizizi midogo haikuweza kunywa maji yote yaliyokuwamo, na udongo ule ukilowa haukauki leo wala kesho. Juu ukaota ukungu wa kijani, chini ukaanza kunuka. Miche ikawa ya njano. Wapo wenye vitalu wanaotia mbegu kwenye viriba vikubwa tangu mwanzo na wanafanikiwa, maana wana udongo mwepesi na umwagiliaji wa kupima. Mimi nilikuwa na tope la mpunga na keni. Sikumbuki hasara kamili ya msimu huo kwa sababu niliacha kuhesabu.

Wa tatu ndio nilioanza kuitwa mwenye kitalu. Ninavyofanya sasa ni hivi, na naomba msomaji asiyependa udongo avumilie.

Jioni ya kuamkia kuhama, miche hunywa maji ya kutosha. Udongo mkavu humwagika ukiufungua, udongo uliolowa kiasi hushikana kama ugali uliopoa. Mchanganyiko wangu ni ndoo tatu za udongo wa juu, ule mweusi wa chini ya majani yaliyooza, ndoo moja ya samadi iliyolala mpaka imeacha kunuka, na ndoo moja ya mchanga. Vyote vinapita kwenye chekecheke. Kiriba kikubwa nakijaza zaidi ya nusu, nakigonga chini mara mbili udongo ukae, kisha naingiza kile kidogo kupima kimo. Kimo ndiyo roho ya kazi. Mche wa mchikichi una fundo pale shina linapokutana na mizizi, nene kuliko shina lenyewe, mimi naliita shingo. Shingo ikizikwa, moyo wa mche unakaa majini na kuoza. Ikibaki juu sana, mche unayumba na upepo wa ziwani mpaka unalala. Inatakiwa ikae sawa na uso wa udongo, na udongo wenyewe uishie vidole viwili chini ya mdomo wa kiriba ili maji yasimwagike nje.

Kisha wembe. Nazungusha chini ya kiriba kidogo, kitako kinatoka kama kifuniko. Hapo naangalia mizizi. Ikiwa imeanza tu kugusa plastiki, ncha zake nyeupe, nafurahi. Ikiwa haijafika, naurudisha mche ulipotoka, kwa sababu udongo wake utabomoka mkononi. Ikiwa imezunguka na kujisokota kama kamba ya ng'ombe kwenye mambo, nimeshachelewa, na kosa ni langu. Ulio tayari nautia ndani ukiwa bado umevaa plastiki yake ubavuni, nachana kwa wembe kutoka juu hadi chini, na kuivuta plastiki taratibu huku mkono mwingine umeushikilia udongo. Najaza pembeni, nabonyeza kwa vidole, siyo kwa ngumi. Namwagilia palepale. Wiki mbili za mwanzo unakaa chini ya kivuli cha makuti, maana jua la Kigoma baada ya mvua halina huruma na mgeni.

Na kila mwezi kuanzia hapo, kila kiriba kinanyanyuliwa na kuzungushwa nusu mduara. Kinachochungulia chini nakikata kingali uzi. Ndiyo dawa ya ule mlio wa kanga kuchanika. Mtu akiniuliza kwa nini mgongo unaniuma, jibu ni hilo.

Siyo kila mche hupewa kiriba kikubwa, na hili lilinichukua muda kulikubali. Upo ambao majani yake ni membamba kama nyasi, upo uliosokotwa, upo ambao majani yamegandana hayataki kufunguka. Huo hautapona kwa kuongezewa nafasi. Mwalimu ndani yangu alitaka kumpa kila mtoto nafasi ya pili, nikaipa kweli msimu mmoja, nikamwagilia miezi minane miche ambayo ilibaki nyasi mpaka mwisho. Siku hizi naitoa siku ya kuhamisha, na siombi msamaha. Shule ni jambo jingine.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliwahi kutuonyesha kwenye simu Mjapani mmoja na miti yake midogo. Bonsai, akasema, maana yake ni mti uliopandwa kwenye sinia. Tuliangalia mimi na mjomba, vichwa vimegusana. Yule bwana aliutoa mti mchanga kwenye chungu, akaichambua mizizi kwa kijiti kama mama anayesuka nywele, akakata sehemu yake, akautia kwenye chungu kikubwa zaidi chenye udongo mpya. Mjukuu akaeleza kwamba mti ukiwa mchanga hupewa nafasi kwanza shina linenepe, ndipo miaka mingi baadaye uingie kwenye sinia lake dogo. Nilivutiwa. Mikono ile ilikuwa na adabu. Mjomba alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu.

"Sasa huo utazaa lini?"

Hakuna aliyemjibu. Mchikichi kwa kweli hauwezi kufanywa hivyo. Una moyo mmoja tu kileleni, hauna matawi ya kupunguza, ukikata kilele umeua mti. Lakini nilijifunza kitu kwenye kile kijiti cha kuchambulia mizizi, na siku hizi ninacho changu, cha mwanzi. Natumia kwa miche michache iliyojisokota, badala ya kuvuta.

Kisha ziwa nalo likahama. Watu wanaokuja kutembelea mahali pa kumbukumbu ya Livingstone hapa Ujiji, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, huuliza mbona maji yako mbali hivi wakati vitabu vinasema palikuwa karibu na ufuko. Jibu ni kwamba karibu na mwaka 1878 ziwa lilijaa likabomoa kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, maji yakatoka, na katika miaka iliyofuata uso wake ukashuka takriban mita 10. Ufuko ukasogea, mji ukabaki. Sisi tuliozaliwa baadaye tulijenga na kulima kwenye ardhi ambayo ziwa liliiacha, tukasahau kwamba liliiacha tu, halikuiuza. Miaka hii maji yamekuwa yakirudi. Kibirizi na Katonga waliyaona mapema. Mwaka 2024 yalifika kwenye uzio wangu wa chini. Usiku mmoja nilisikia vyura wakilia karibu mno, nikatoka na tochi, nikakuta mistari miwili ya viriba imesimama kwenye maji.

Kiriba kikubwa kilicholowa ni mzigo wa kilo zaidi ya kumi na tano. Tulikuwa watu sita, na mkokoteni mmoja uliokuwa ukiomboleza kila gurudumu linapozunguka. Tulipandisha viriba vyote juu ya kiwanja kwa siku mbili, kila kimoja kikibebwa kwa kukumbatiwa chini, kamwe si kwa kushikwa shina. Vyote vilinyanyuka bila mlio, kwa sababu vilikuwa vimezungushwa kila mwezi. Nilipoteza miche mitano. Mjomba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na ile jioni ya pili nilijikuta nageuka kumtafuta kwenye ndoo yake nimwambie, mitano tu.

Ile 143 iliyonusurika kwenye ujinga wangu wa kwanza iko kwenye shamba letu nyuma ya Simbo, kwenye mahame ya babu. Mwaka huo huo wa mafuriko ilianza kutoa mikungu, midogo, ya kuanzia. Nilipasua tunda la kwanza kwa panga. Gome jembamba.

Jambo la mwisho, kwa wateja. Kuna bwana mmoja, simtaji, alikuja akanunua miche ishirini mizuri, akailaza kwenye magunia mawili, akafunga nyuma ya bodaboda na kuondoka kwenye barabara ya vumbi kabla sijapata la kusema. Wiki ya tatu akanipigia simu kuniambia nimemuuzia miche mibovu. Nilikwenda kuiona. Udongo ulikuwa umemwagika njiani wote, na miche imesimama kwenye mashimo yake kama vile vijiti vitatu vya babu. Nilimpa mingine kumi bure, maana sikuwa na moyo wa kubishana naye mbele ya mkewe.

Msimu huu ninayo miche 211, itakuwa tayari mvua za Novemba zikishika. Ekari moja inataka kati ya 50 na 58. Anayetaka aje na guta au pikapu, na mtu wa kumsaidia kukumbatia. Ukija na gunia nitakukaribisha kitini, nitakupa maji ya kunywa, nitakuuliza habari za nyumbani. Mche sitakupa.